Tambi za kamba na jibini: Mwonjeshe mtoto kamba peke yake kwanza

"MAMA mdogo, mdomo unaniwasha."

Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka minne. Jumapili hiyo nilipika mimi: tambi, kamba wa Feri, na jibini juu. Nikadhani ni pilipili, kumbe sikuweka hata moja. Dakika chache baadaye midomo ikavimba, vipele vikamtoka shingoni. Tukamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akapata nafuu.

Daktari aliuliza: "Leo amekula kitu gani kipya?" Tambi anazila siku zote, maziwa anakunywa kila asubuhi. Kamba ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Naandika habari za afya kila wiki, lakini sikuwa nimemuuliza dada yangu swali hilo.

Sahani hii ina ngano, maziwa na kamba, vyote vikiwa miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi. Kumpika kamba hadi aive hakusaidii, kwa sababu protini inayoleta mzio haiharibiwi na moto.

Kabla ya kupika

Kama mtoto hajawahi kula kamba, mpe kipande kidogo kilichoiva, mchana, siku asiyoumwa, bila chakula kingine kipya. Mwangalie kwa saa mbili. Akiwa na pumu, ukurutu mkali au mzio wa chakula kingine, muone daktari kwanza.

Mapishi (watu wanne hadi watano)

Mahitaji: tambi gramu 400, kamba nusu kilo, nyanya nne, kitunguu kimoja, vitunguu saumu punje tatu, mafuta vijiko viwili, jibini iliyokunwa nusu kikombe, ndimu.

Nunua kamba asubuhi, wenye kichwa kilichoshika vizuri na wasio na harufu kali. Wabebe kwenye barafu. Menya, toa uzi mweusi wa mgongoni, osha.

Chemsha tambi, uhifadhi kikombe kimoja cha maji yake. Kaanga kitunguu na saumu, weka nyanya zilizosagwa, acha ziive hadi mchuzi uwe mzito. Tia kamba, pika dakika tatu hadi tano, hadi wageuke rangi ya waridi na nyama isiwe na uangavu. Ukizidisha watakuwa wagumu kama mpira.

Changanya na tambi, ongeza maji yake kidogo, epua, ndipo unyunyize jibini na kukamulia ndimu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani jibini tayari inayo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Midomo au macho kuvimba, vipele mwili mzima, kutapika mfululizo, sauti kukauka, kupumua kwa shida au kulegea. Usimpe maziwa wala usisubiri "aone kama itapita". Nenda mara moja, na umweleze daktari alichokula.

Nyumbani kwa dada sasa kuna sufuria mbili Jumapili. Ya mtoto ina tambi, nyanya na jibini, na mwiko wake peke yake. Kabla ya kupakua nauliza kila mzazi aliyekuja na mtoto: "Huyu ameshawahi kula kamba?"