Chale Ndani ya Silinda

Msomaji wa Karatu ameniandikia kuhusu Suzuki Escudo yake ya milango mitatu, ile ya zamani yenye injini ya sentimita za ujazo 1,590. Mwaka jana ilianza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Fundi akaifungua, akaweka ringi mpya na gasketi mpya, akafunga, kisha akamwagiza mwenye gari ailee injini: asikanyage mafuta kwa nguvu mpaka kilomita 1,000 zitimie. Msomaji akatii kama mgonjwa anavyotii dawa. Kilomita 1,000 zimepita na moshi uko palepale. Sasa anashauriwa aitupe injini hiyo anunue ya mtumba kutoka Japani. Anauliza: inakuwaje ringi mpya zishindwe kuziba?

Namna injini inavyovuta, kubana, kulipua na kutoa nitaiacha. Imo katika vitabu vya shule. Nataka twende moja kwa moja kwenye ukuta wa silinda, maana jibu limechorwa pale, kwa mistari myembamba kuliko unywele.

Tuanze na ringi yenyewe. Katika miaka ya 1850 Mwingereza John Ramsbottom, mhandisi wa treni za mvuke, alichukua pete ya chuma akaikata mahali pamoja ili iweze kujitanua na kugusa ukuta wa silinda. Mpaka leo ringi zetu ni watoto wa pete ile. Kwa hiyo wengi huamini kwamba ringi huziba kwa sababu ni springi. Springi ipo, lakini nguvu yake ni ndogo mno. Kama ungekuwa unategemea hiyo peke yake, gari lisingepanda hata tuta. Kinachoibana ringi ukutani ni gesi ya mlipuko. Mafuta yanapolipuka, gesi hutafuta njia ya kutorokea chini. Hupenya katika uwazi mdogo ulio juu ya ringi, huzunguka nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni, na ikifika huko huisukuma ringi kwa nje, ikaugandamiza ukuta. Mlipuko ukiwa mkubwa, mgandamizo nao huwa mkubwa. Yule anayetaka kupenya ndiye anayejifungia mlango. Nimekuwa nikiifikiria mbinu hii kwa miaka na bado sijaichoka.

Sasa ukuta. Ukimuuliza mtu yeyote ukuta wa silinda unapaswa kuwaje, atakwambia uwe laini kama kioo ili ringi iteleze. Kumbe ukuta wa kioo ni msiba. Oili haina pa kushika juu ya kioo. Ringi hupita ikaipangusa yote, na safari inayofuata chuma husaga chuma kikavu. Ndiyo maana silinda ikishachongwa, fundi wa mashine huingiza mawe ya kusugulia yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Mawe hayo huacha mikwaruzo inayopishana kama ukili wa mkeka, kwa pembe ya nyuzi kama 45, na kina chake ni maikroni chache tu. Mistari ikiwa wima mno, oili hutiririka yote chini. Ikilala mno, oili hukwama juu na kuungua.

Kazi hii karakana zetu huiita kuhoni. Nimejaribu kuitafutia neno la Kiswahili na nimekesha nalo. Kunoa ndiyo maana ya asili ya neno la Kiingereza, lakini kisu ndicho kinachonolewa, na silinda haina makali. Kusugua ni neno la sufuria; linaeleza mkono unafanya nini, halielezi kinachobaki. Kukwaruza ni uharibifu. Neno ninalolitaka ni lile lililo kwenye ngozi za wazee wetu na jikoni mwetu: chale. Silinda huchanjwa chale. Chale ni mkato mdogo wa makusudi, unaochanjwa ili dawa ipate pa kukaa, na hivyo ndivyo hasa mistari ile inavyofanya kazi.

Mfikirie samaki. Ukimchukua changu mzima ukampaka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu juu ya ngozi yake laini, viungo huteleza vikaishia kwenye sahani. Mpishi anayejua kazi humchanja kwanza, mikato ya mshazari kila upande, ndipo anapaka. Viungo hukaa ndani ya chale, na hata ukimgeuzageuza kwenye moto haviishi. Silinda ni huyo changu. Oili ni viungo. Ringi ni mkono unaopangusa, na ndani ya Escudo mkono huo haupumziki: pistoni husafiri milimita 90 kwenda na 90 kurudi, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ringi hupita ukutani mara 6,000 katika dakika hiyo, kwa mwendo wa wastani wa mita 9 kwa sekunde. Kilichokaa juu ya ngozi hupanguswa. Kilichomo ndani ya chale hubaki kulainisha safari ijayo. Na kama vile changu aliyewekwa kwenye moto mbaya huziba chale zake kwa utando mweusi, viungo visipate njia tena, silinda nayo huziba chale zake. Hapo ndipo lilipo tatizo la msomaji wetu.

Chale mpya zina kingo kali. Katika saa za mwanzo, ringi na kingo hizo husagana mpaka vilele vishuke na kubaki uwanda tambarare wenye mifereji, na ringi ikachukua umbo la silinda yake. Kusagana huko kunahitaji mgandamizo, na mgandamizo, kama tulivyoona, huletwa na mlipuko. Dereva anayebembeleza mafuta hutoa milipuko midogo, ringi hugusa ukuta kivivu, vilele havishuki. Oili hupita juu, huungua, na masalia yake hujipaka ukutani kama vanishi mpaka chale zote zijae. Ukuta unageuka kioo. Vilele vikishafunikwa hivyo, ringi haziwezi tena kuzoeana na ukuta, hata ukiendesha kilomita 10,000.

Kwa hiyo ama fundi aliweka ringi mpya juu ya ukuta wa zamani uliokwisha kung'aa, ama alichanja vizuri na malezi yakaharibu kazi. Yote mawili yana dawa, na dawa hiyo si injini nyingine.

Kwanza fundi apime mgandamizo wa hewa wa kila silinda. Kisha amimine oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi na ukuta ndio wenye kosa; kisipopanda, atazame valvu. Injini ikifunguliwa, fundi apime silinda juu na chini. Sehemu ya juu ndiyo huliwa zaidi, kwa sababu pale ringi husimama kabla ya kugeuka, na inaposimama utando wa oili hukatika huku joto likiwa kali. Ikiwa imeliwa kupita kiasi, bloku ichongwe na kuwekwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Haijaliwa? Chale mpya na ringi mpya zinatosha.

Baada ya kuchanja, bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mafundi wengi wakisafisha kwa petroli. Petroli huondoa mafuta na kuacha vumbi la mawe ndani ya chale, na vumbi hilo ni msasa. Osha, kausha, paka oili, pangusa kwa kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kisha aweke oili ya madini ya kawaida na atoke na gari siku hiyohiyo. Mtu wa Karatu ana bahati: ateremke Mto wa Mbu, ageuze, apande ule mlima wa bonde la ufa kwa gia ya kati akikanyaga mafuta kwa uthabiti bila kuilazimisha injini kukimbia. Kisha ashuke huku ameachia mafuta, injini ikizuia gari. Mvuto unaotokea huleta oili juu na kuosha chembe za chuma. Apande tena, ashuke tena. Baada ya kilomita mia chache amwage oili, maana imejaa unga wa chuma.

Injini ya mtumba ina mahali pake, bloku ikipasuka kwa mfano, ila huijui ilivyoishi, na namba yake lazima ibadilishwe kwenye kadi ya gari. Zipo pia injini ambazo kuta zake zimepakwa madini maalumu, zisizochanjwa kwa mawe ya kawaida. Kuta za hii ya Escudo ni chuma cha kusubu. Na chujio la hewa likaguliwe, kwa kuwa mchanga wa barabara za shamba ni mgumu kuliko chuma hicho.

Ndugu msomaji, kabla fundi hajarudisha pistoni, mwombe tochi uangalie mwenyewe ndani ya kila silinda. Ukiona mistari inayopishana kama ukili, mwache afunge. Ukiona sura yako, mwambie asifunge.