Mama, Huyo Si Mwewe wa Vifaranga

Kila mama aliyefuga kuku anaijua sauti ile. Tetea anakoroma mara moja, vifaranga wanakimbilia chini ya mbawa zake, na mtoto uliyemwacha uani anapiga kelele: "Mwewe! Mwewe!" Unatoka jikoni na mwiko mkononi, ugali umeuacha motoni, na ukifika nje umekwisha kuchelewa. Kifaranga mmoja hayupo. Tangu siku hiyo kila ndege mwenye mdomo uliopinda ni mwizi, na mtoto mwenye manati anaruhusiwa kumpiga yeyote atakayepita.

Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipojifunza kwamba wengi tunaowaona angani mwezi wa Machi na Aprili ni wasafiri, wala hawana habari na vifaranga wetu.

Fikiria Kitaya, mkoani Mtwara, kando ya Mto Ruvuma. Mpunga bondeni ukianza kukomaa, akina mama na watoto hushinda juu ya dungu wakiamia ndege. Nyuma yao kuna mwinuko wa Uwanda wa Makonde, mbele yao mto, na ng'ambo ni Msumbiji. Watu wa Kitaya, ambao Oktoba 2020 walivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo hiyo, wanajua mpaka ni kitu gani. Ndege hawaujui. Katika miezi hiyo Asia na Ulaya zinatoka katika baridi, na ndege wala nyama waliokaa kusini mwa Afrika wakati wa mvua zetu hurudi kaskazini kujenga viota na kulea makinda.

Mmoja wao ni kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Dume ni wa kijivu mwenye miguu myekundu. Jike ana kifua cheupe chenye madoa meusi. Uzito wake ni kama gramu 150, yaani hafikii hata robo kilo ya sukari. Chakula chake ni kumbikumbi, panzi na nzige. Hata hivyo kila mwaka husafiri zaidi ya kilomita 20,000, kwenda na kurudi, na njiani huivuka Bahari ya Hindi kati ya India na pembe ya Afrika bila kutua.

Mwaka 2012 ilijulikana kwamba huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu kando ya bwawa la Doyang na kuuzwa kama kitoweo. Waliokuwa wakinaswa kwa siku walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Watu wa Nagaland wengi wao ni Wakristo. Viongozi wa vijiji na wa makanisa walikaa na wavuvi, wakaeleza ndege hawa wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na mwaka uliofuata nyavu hazikutegwa. Mwaka huo huo wa 2013 kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakapewa majina ya Naga, Wokha na Pangti. Basi ndege aliyeachwa hai na mama wa Nagaland mwezi wa Novemba ndiye anayeweza kupita juu ya dungu lako mwezi wa Aprili.

Kuhesabu ndege wa namna hii kuna siri yake. Kuanzia kama saa tatu asubuhi ardhi hupata joto na hewa hupanda. Ndege huingia ndani ya hewa hiyo na kuzunguka, wakipanda bila kupiga mbawa. Usiwahesabu wakiwa wanazunguka, utachanganyikiwa kama mtu ahesabuye vifaranga wanaokimbia. Subiri wafike juu, waanze kuteleza mmoja nyuma ya mwenzake kuelekea kaskazini. Wakiwa wengi, hesabu kumi kwanza, uone kumi wanajaza nafasi gani, kisha endelea kwa makumi. Kwa njia hiyo, huko Eilat, kusini mwa Israeli, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1985 walihesabiwa zaidi ya milioni moja. (Ayubu naye, sura ya 39, anaulizwa juu ya mwewe anayeelekea kusini, njia hii ni ya zamani.)

Utauliza, hesabu inamsaidia nani? Aliyejibu swali hilo vizuri alikuwa mama wa watoto wawili, Rosalie Edge wa New York. Katika jimbo la Pennsylvania wawindaji walikuwa wakipanda mlimani kila mwaka kuwapiga risasi ndege waliopita, kwa mchezo tu. Mwaka 1934 mama huyu alikodi mlima wenyewe, akamwajiri Maurice Broun kuulinda. Mke wa Broun, Irma, ndiye aliyesimama njiani kuwazuia wenye bunduki, na nadhani hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko ya mumewe. Badala ya kupiga, watu wakaanza kuhesabu. Mwaka 1962 Rachel Carson alizitumia hesabu za mlima huo, Hawk Mountain, kuonyesha kwamba tai wachanga walikuwa wakipungua na kwamba dawa ya DDT ilihusika. Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972.

Kwetu sumu haiko mbali. Kwelea kwelea wanaponyunyiziwa dawa, mwewe na kozi huja kuwala wanaokufa, nao hufa. Na wewe mama, usiokote kwelea waliokufa ukawapika. Sumu iliyowaua haiondoki kwa kuchemsha.

Vifaranga je? Mwizi wao mkubwa ni mwewe yule wa kahawia mwenye mdomo wa njano na mkia wenye pacha, anayezunguka chini chini juu ya nyumba na majalala. Dawa yake si manati. Wafunike vifaranga kwa tenga mchana katika majuma yao ya kwanza, au wafuge karibu na kichaka cha kukimbilia.

Kwa hesabu yenyewe, daftari la shule lililobaki kurasa linatosha. Mtoto mwenye macho makali ahesabu, anayejua kuandika aandike: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, wangapi, wameelekea wapi. Siku ya mvua kubwa hawapiti. Andikeni sifuri, mrudi kwenye kuamia, maana kwelea hawangoji.