Muuguzi mmoja, wajawazito wangapi? Hesabu inayomhusu kila mzazi

Mjamzito wa Ziba, wilayani Igunga, anapojiandaa kujifungua huhesabu kanga, glavu, nguo za mtoto na nauli ya bodaboda. Hesabu moja ni nadra kuifikiria: usiku atakapofika wodini, muuguzi wa zamu atakuwa na wajawazito wangapi mikononi mwake?

Hesabu hiyo inagusa uhai. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye fomu ya kufuatilia uchungu, maarufu kama patografu. Muuguzi pia huweka mkono juu ya tumbo kuhesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10. Maana yake, mjamzito mmoja huchukua si chini ya dakika 10 katika kila nusu saa. Wakiwa watatu, nusu saa imekwisha. Akiongezeka wa nne, au mmoja akianza kusukuma, yupo ambaye hataangaliwa kwa wakati.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayekosa hewa tumboni halii. Hujulikana kwa mapigo ya moyo wake. Mama aliyekwisha kujifungua naye anaweza kuvuja damu nyingi huku akionekana amelala tu.

Ikama ipo, lakini ni ya kituo kizima

Tanzania ina mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2014 hadi 2019 uliweka watumishi 15 hadi 20 kwa zahanati, na 39 hadi 52 kwa kituo cha afya. Humo wamo pia watu wa maabara na dawa. Haukumwekea muuguzi wa zamu ya usiku kikomo cha wagonjwa, na vituo vingi vya vijijini havijaifikia hata ikama yenyewe.

Wakati huohuo, akina mama wameitikia wito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81. Ni mafanikio makubwa, lakini kila mama anayekuja anahitaji mtu wa kumhudumia.

Wenzetu walioweka sheria

Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1999 na kuanza kuitekeleza 2004. Chumba cha uchungu, muuguzi mmoja hazidishiwi wajawazito wawili. Jimbo la Queensland, Australia, lilifuata mwaka 2016 katika wodi za hospitali za umma: wagonjwa wanne kwa kila muuguzi mchana, saba usiku, kwa wastani. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la Lancet ulikuta vifo vilipungua huko, na fedha zilizookolewa kwa wagonjwa kutorudi wodini na kulazwa siku chache zaidi zilizidi gharama ya kuajiri.

Hata hivyo, sheria haizalishi wauguzi. Kituo chenye mkunga mmoja hakiwezi kumfungia mlango mjamzito wa tatu saa nane za usiku. Kikomo bila ajira kitabaki kwenye karatasi.

Wakati ajira zikisubiriwa, utaratibu mzuri wa kazi husaidia. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, wahudumu wachache walioelemewa walipewa mwongozo mfupi unaoendana na mazingira yao pamoja na mafunzo ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Bado ni wengi, na wahudumu bado walikuwa wachache.

Mzazi afanye nini?

Nenda kituoni mapema na kadi ya kliniki. Ukiambiwa una ujauzito wa hatari, panga mapema kujifungulia hospitali, iwe ya wilaya au Nkinga. Ikitokea dharura, piga 115 bure kuomba usafiri wa m-mama.

Ukiwa wodini, uliza kwa upole: "Nesi, mapigo ya mtoto yanaendeleaje?" Damu ikilowesha kitambaa haraka, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usimsubiri muuguzi apite. Ita, au mwombe ndugu au jirani wa kitanda akuitie.

Kamati ya afya ya kituo ina wawakilishi wa wananchi. Wajue ni akina nani, na kwenye mkutano wa kijiji waulize jambo moja: usiku, zamu ina wauguzi wangapi? Swali hilo lifike halmashauri, maana muuguzi aliyeachwa peke yake na wajawazito watano hawezi kulijibu kwa niaba ya serikali.