Shujaa na Mwajiri Wake: Suala la Ufadhili wa Dola katika Hadithi za Picha za Alpha Flight

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tendi na visakale, shujaa hufafanuliwa kwa kuangalia uhusiano wake na jamii iliyomzaa: nguvu zake zinatoka wapi, anazitumia kwa manufaa ya nani, na anguko lake linasababishwa na nini. Lipo swali moja ambalo ufafanuzi huo haukulazimika kulijibu, nalo linahusu shujaa aliyeajiriwa na serikali, mwenye idara, cheo na fungu katika bajeti. Swali hilo limejitokeza waziwazi katika hadithi za picha za Amerika ya Kaskazini za karne ya 20, ambazo ni tawi muhimu la fasihi pendwa ya eneo hilo.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja, yaani Alpha Flight, kikosi cha mashujaa wa Kanada kilichobuniwa na mchoraji John Byrne. Kikosi hicho kilionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 120 la jarida la X-Men, Aprili 1979, katika hadithi aliyoiandika Chris Claremont. Hoja kuu ya makala ni kwamba ufadhili wa serikali ndio chanzo cha mgogoro katika hadithi hizi. Anayegharimia nguvu za shujaa hudai pia kummiliki. Dai hilo hudhihirika zaidi katika hali mbili: serikali inapomtuma shujaa nje ya mipaka yake, na serikali inapoacha kumgharimia.

2.0 Usuli

Shujaa wa picha anayetumikia dola hakuanza na Alpha Flight. Mwaka 1941 Joe Simon na Jack Kirby walimtoa Captain America, kijana dhaifu aliyepewa nguvu kwa dawa katika mradi wa siri wa jeshi la Marekani. Toleo lake la kwanza lilitoka miezi kadhaa kabla ya Marekani kuingia vitani Desemba 1941, na jalada lake lilimwonyesha akimpiga Hitler ngumi. Kwa hiyo tangu mwanzo shujaa wa aina hii alikuwa zao la maabara ya serikali na chombo cha propaganda kwa wakati mmoja.

Nchini Kanada hali ilikuwa tofauti kidogo. Sheria ya Desemba 1940 iliyokusudiwa kuhifadhi fedha za kigeni ilizuia, pamoja na bidhaa nyingine, uingizaji wa majarida ya picha kutoka Marekani. Pengo hilo liliwapa nafasi wachapishaji wa ndani. Adrian Dingle alimbuni Nelvana mwaka 1941, na Leo Bachle akamleta Johnny Canuck mwaka 1942. Baada ya vita majarida ya Marekani yalirudi, na yale ya Kanada yakafifia. Mwaka 1975 Richard Comely na Ron Leishman walitoa Captain Canuck, wakala wa serikali katika Kanada ya mwaka wa kubuni wa 1993, nchi ambayo katika hadithi imekuwa dola kuu duniani.

Alpha Flight iliingiza mambo mawili mapya katika mkondo huo. Kwanza, mahali pa shujaa mmoja palichukuliwa na kikosi kizima. Pili, kikosi hicho cha taifa la Kanada kilikuwa mali ya kampuni ya Marvel yenye makao yake New York. Byrne mwenyewe alizaliwa Uingereza mwaka 1950 na kukulia Kanada. Hali hii ya taifa kusimuliwa kupitia mchapishaji wa nchi jirani yenye nguvu zaidi inafaa kukumbukwa katika uchambuzi unaofuata.

3.0 Kikosi kama Picha ya Shirikisho

Katika hadithi, kikosi kinasimamiwa na chombo cha siri cha serikali kiitwacho Idara H. Kiongozi wake ni mhandisi James MacDonald Hudson, ambaye vazi lake limechorwa jani la bendera ya taifa. Wanafunzi hupangwa katika madaraja matatu: Gamma kwa wanaoanza, Beta kwa waliosonga mbele, na Alpha kwa walio tayari kutumwa. Ngazi hizo zinafanana na za utumishi wa umma.

Uteuzi wa wahusika unafuata jiografia. Walter Langkowski, mwanafizikia anayegeuka kuwa zimwi lenye manyoya, anahusishwa na pwani ya magharibi. Michael Twoyoungmen ni daktari wa hospitali na pia mganga wa jadi wa Wasarsi wa Alberta. Mapacha Jean-Paul na Jeanne-Marie Beaubier ni Wakanada wa Quebec wasemao Kifaransa. Narya, anayejigeuza wanyama wa kaskazini, ni mtoto wa mungu wa kike na binadamu. Baadaye waliongezwa Eugene Judd wa Saskatoon, mtu mfupi mwenye wepesi wa ajabu, na Marrina, kiumbe aliyelelewa na familia ya mvuvi wa Newfoundland.

Mpangilio huu una maana ya kisiasa. Kikosi kilibuniwa katika kipindi ambacho umoja wa Kanada ulikuwa unatiliwa shaka. Mwaka 1970 serikali ya Pierre Trudeau ilitumia sheria ya hali ya vita dhidi ya wapiganiaji wa kujitenga kwa Quebec, na Mei 1980 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura ya maoni kuhusu suala lenyewe. Jean-Paul amepewa historia ya kushirikiana na watu wa mrengo huo. Kwa kumweka ndani ya kikosi cha serikali, hadithi inajaribu kupatanisha katika picha kile ambacho siasa zilikuwa hazijakipatanisha.

Hata hivyo upatanisho huo una kasoro. Miungu ya kaskazini inayotajwa katika hadithi, pamoja na majitu yanayopigana nayo, kwa sehemu kubwa ni ubunifu wa waandishi, haikutokana na dini halisi za wenyeji. Mwenyeji amepewa nafasi katika kikosi, lakini masimulizi yake yametungwa na mwingine. Kuwamo katika orodha ya walioajiriwa na kuwa na sauti ni mambo mawili tofauti.

4.0 Wito wa Nje: Shujaa kama Mali

Mgogoro wa umiliki ulianza kabla ya kikosi chenyewe. Mwaka 1974, katika matoleo ya 180 na 181 ya The Incredible Hulk, serikali ya Kanada ilimtuma Wolverine kupambana na Hulk. Mwaka uliofuata mhusika huyo aliacha utumishi wa serikali na kujiunga na X-Men walioko Marekani. Katika toleo la 109 la X-Men (1978) Hudson anavuka mpaka ili kumrudisha. Hoja yake ni kwamba Kanada iligharimia mafunzo ya Wolverine na kwa hiyo ina haki juu yake. Katika pambano hilo anayejeruhiwa ni Moira MacTaggert, mwanasayansi asiyehusika na ugomvi wao.

Tukio hilo linastahili kuzingatiwa. Hudson hakutumwa kumkamata mhalifu. Alitumwa kumrudisha mtumishi aliyejiuzulu, na aliyeumia ni mtu wa pembeni. Ushujaa umekuwa hapa ukusanyaji wa deni.

Matoleo ya 120 na 121 yanapanua suala hilo. X-Men wanaporejea kutoka Japani, Twoyoungmen anasababisha dhoruba inayoilazimisha ndege yao kutua Calgary. Kikosi kizima kinatumika dhidi ya mtu mmoja. Mwishowe Wolverine anajisalimisha ili wenzake wasidhurike zaidi, kisha anatoroka. Msomaji anaachwa akiwahurumia wale wanaowindwa. Inafaa kukumbuka kwamba Byrne amewahi kueleza kuwa aliwaunda wahusika hawa kwa lengo dogo tu, yaani waweze kustahimili pambano na X-Men. Kwa maneno mengine, kikosi cha dola kilizaliwa kikiwa mpinzani.

5.0 Serikali Inapojitoa

Alpha Flight ilipopata jarida lake lenyewe Agosti 1983, serikali katika hadithi ilikuwa tayari imefunga Idara H na kuondoa fedha zake. Uamuzi huu wa kisanaa ni wa msingi. Jarida la kikosi cha serikali linaanza kwa serikali kujiondoa. Toleo la kwanza linaonyesha jitu la ardhi likiinuka kaskazini, na mashujaa wanakusanyika bila mshahara wala amri. Kwa mara ya kwanza wito unatoka kwa nchi yenyewe na watu wake badala ya ofisi.

Lakini Byrne hakuishia kusifu uhuru huo. Anafuatilia pia hatima ya wanafunzi wa Beta na Gamma waliotupwa nje idara ilipofungwa. Serikali iliwafundisha kutumia nguvu za hatari, kisha ikawaacha bila kazi wala mwongozo. Baadhi yao wanakusanywa na Jerry Jaxon, aliyekuwa mkubwa wa Hudson katika kampuni ya mafuta, na kuundiwa kikosi hasimu kiitwacho Omega Flight.

Uhasama wa Jaxon nao unatokana na umiliki. Hudson alibuni vazi lake la nguvu akiwa mwajiriwa wa kampuni. Alipogundua kwamba lingekabidhiwa jeshi la Marekani, alilichukua. Jaxon akapoteza kila kitu. Katika toleo la 12, mwaka 1984, Hudson anavutwa hadi New York na kushambuliwa na watu ambao idara yake mwenyewe iliwaandaa. Vazi linaharibika, linalipuka, naye anafariki mbele ya mkewe Heather. Kiongozi anauawa na chombo kilichogombewa na waajiri wawili.

Waandishi wa baadaye waliendelea kuirudia mada hiyo. Katika mfululizo wa mwaka 2011 wa Greg Pak na Fred Van Lente, chama chenye mwelekeo wa kimabavu kinatwaa madaraka nchini Kanada na mashujaa wa taifa wanageuzwa wasaliti.

6.0 Mwanga kwa Fasihi ya Kiswahili

Mfano huu unaweza kumsaidia mhakiki wa fasihi ya Kiswahili kutofautisha aina mbili za shujaa. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anawindwa na mtawala wa Pate kwa sababu nguvu zake haziko chini ya himaya ya mtawala huyo. Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba, kinyume chake, ni mpelelezi wa serikali. Katika riwaya za miaka ya 1970 anatumwa nje ya nchi kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Katika kazi hizo lengo la dola na lengo la shujaa vinakwenda sambamba, kwa kuwa ukombozi ulikuwa sera na pia imani. Alpha Flight inaonyesha nini kinatokea sambamba hiyo inapovunjika: wakala huanza kufanana na Liyongo, na mwajiri hufanana na mfalme.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba katika hadithi za Alpha Flight ufadhili wa serikali huzaa madai ya umiliki, na kwamba madai hayo huwadhuru watumishi, wanafunzi wao na watu wasiohusika. Imebainika pia kwamba kuondolewa kwa fedha hakufuti wajibu wa aliyezitoa. Mtu aliyeandaliwa kwa ajili ya vita hubaki na maandalizi yake hata baada ya ofisi iliyomwandaa kufungwa. Hili ndilo suala zito linalobaki baada ya rangi na mapambano ya picha kuondolewa, nalo linazihusu nchi nyingi zilizowahi kuunda vikosi na kuvivunja.