Venetian Snares: Kelele zilizomwokoa mwenyewe alipokwama kifedha

Agosti 2015 mwanamuziki mmoja wa Kanada aliandika ujumbe mfupi mtandaoni. Amepata shida kubwa ya pesa, tena ghafla. Kama kuna mtu amewahi kutaka kumuunga mkono, basi anunue muziki wake kwenye Bandcamp.

Huyu si msanii wa kupigwa redioni. Watu wengi wakimsikia mara ya kwanza wanadhani spika imeharibika. Lakini muda si mrefu albamu zake zilijazana kwenye orodha ya zinazouzwa zaidi katika tovuti hiyo, mpya na za zamani, zimepangana moja baada ya nyingine.

Jina lake ni Aaron Funk, wa mji wa Winnipeg. Kwa mashabiki anaitwa Venetian Snares. Ili uelewe kwa nini watu walimkimbilia, kwanza ujue anafanya nini hasa.

Brekikoa ni nini?

Turudi 1969. Bendi ya Marekani, The Winstons, ilirekodi wimbo uitwao "Amen, Brother". Katikati ya wimbo vyombo vingine vinanyamaza, mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa kama sekunde 7 hivi. Basi, ni hizo tu. Lakini sekunde hizo zimekatwa na kutumika katika maelfu ya nyimbo za watu wengine, kuanzia hip hop mpaka muziki wa klabu za Uingereza.

Brekikoa inachukua vipande vya namna hiyo na kuvisaga. Prodyuza anaikata dramu pigo kwa pigo, anayapanga mapigo upya, anayageuza kinyumenyume, anarudia moja haraka mpaka linaacha kuwa pigo na kuwa mlio. Yote hayo kwa mwendo wa mapigo 160 hadi 200 kwa dakika, wakati mwingine zaidi. Juu yake anaweza kumwaga fidla, sauti ya filamu au kelele tupu.

Msikilizaji wa singeli hatashtuka kwa kasi hiyo, singeli inafika huko na kupita. Tofauti iko kwingine. Singeli inakupa pigo la kushika ili ucheze. Brekikoa inakupa, halafu ukishalishika tu inakunyang'anya.

Hesabu mpaka saba

Hebu jaribu kitu. Gonga meza: moja, mbili, tatu, nne, kisha rudia. Ndivyo muziki mwingi wa kucheza unavyokwenda. Sasa gonga mpaka saba na urudi moja bila kupumzika. Unaona mwili unavyoisubiri ya nane? Sehemu kubwa ya kazi za Funk iko kwenye hesabu hiyo ya saba, ndiyo maana kichwa kinatikisika kidogo halafu kinapotea njia.

Alianzia kwenye kompyuta ya zamani aina ya Amiga, akitumia programu iitwayo OctaMED. Baadaye alihamia Renoise, ambayo ni ya ukoo huohuo. Programu hizi huitwa traka. Huoni piano wala mawimbi ya sauti, unaona safu za namba na herufi zinazoshuka kutoka juu kwenda chini, na kila mstari ni amri: piga hiki, anzia hapa, kata, rudi nyuma. Ni kazi ya kuumiza macho. Kwa hiyo hizo dramu zinazosikika kama ajali ya sufuria jikoni zimepangwa moja moja, na mtu aliyejua kila moja inaangukia wapi.

Kabati la albamu

Mwaka 1999 ilitoka santuri yake ya Greg Hates Car Culture, kupitia lebo ndogo ya Minneapolis, Marekani. Mike Paradinas, mwenye lebo ya Planet Mu ya Uingereza, akaisikia na kumchukua. Kwa taarifa yako, ni lebo hiyohiyo iliyotoa albamu ya Attrition ya prodyuza wa Kenya, Slikback, mwaka 2025.

Kuanzia hapo hakupumzika. Mwaka 2001 peke yake alitoa Songs About My Cats, ambayo kweli ni kuhusu paka wake, na Doll Doll Doll, ambayo ni giza tupu na sikushauri uisikilize usiku ukiwa peke yako. Mwaka huohuo ikaja Making Orange Things, aliyoifanya na Speedranch, na hapo ndipo alipokaribia kabisa muziki wa kelele. Hii ya mwisho nimeijaribu mara tatu, bado inanishinda.

Halafu 2005 ikaja ile ambayo hata wasiopenda brekikoa wanaijua: Rossz Csillag Alatt Született. Jina ni la Kihungaria, lina maana ya kuzaliwa chini ya nyota mbaya. Sisi tungesema mtu mwenye nyota mbaya, na hapo lugha mbili zilizo mbali kabisa zinakutana. Wazo lilimjia Budapest, alipojiwazia kuwa njiwa kwenye jumba la kifalme la mji huo. Fidla zinaanza polepole, za huzuni, kama msiba wa watu wenye pesa. Unazizoea. Kisha dramu zinaingia na kuzipasua, lakini huzuni haiondoki, inabaki ndani ya fujo ileile. Katika wimbo mmoja unamsikia Billie Holiday kwa mbali, sauti yake ya zamani imezungukwa na vipande vya dramu. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kelele nazo zinaweza kuliza mtu.

Jumla ana albamu zaidi ya 20 kwa jina la Venetian Snares. Kwa jina lingine, Last Step, alitoa Sleep mwaka 2012, aliyoitengeneza huku akipitiwa na usingizi. Mwaka 2018 alishirikiana na Daniel Lanois, prodyuza aliyefanya kazi na U2 na Bob Dylan.

Pesa zinakwenda wapi?

Sasa turudi kwa yule mpiga dramu wa 1969. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, na hakuwahi kulipwa mrabaha kwa zile sekunde 7. Mwaka 2015, mwaka uleule Funk alipokwama, DJ mmoja wa Uingereza alichangisha kama pauni 24,000 mtandaoni, akampa Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons. Coleman alikuwa ameshaondoka.

Funk naye amejenga jina kwa dramu za watu, hilo lisifichwe. Ila yeye alikuwa na kitu ambacho Coleman hakuwa nacho, yaani duka. Ukisikiliza wimbo kwenye programu kubwa za muziki, malipo kwa mara moja huwa chini ya senti moja ya dola. Bandcamp kwa kawaida hukata asilimia 15 ya bei ya albamu ya kupakua, na mnunuzi anaruhusiwa kulipa zaidi ya bei iliyowekwa. Ndiyo maana aliitaja tovuti hiyo na si nyingine.

Na kabati lilikuwa limejaa. Shabiki aliyekuwa na albamu 3 alikuta nyingine nyingi hajazinunua. Msanii mwenye hit moja anaiuza mara moja kwa kila mtu, lakini huyu alikuwa na miaka 16 ya kazi rafuni.

Mwaka huohuo akatoa Thank You for Your Consideration, jina linalomaanisha asanteni kwa kunifikiria. Mwaka uliofuata akaja na Traditional Synthesizer Music, iliyorekodiwa moja kwa moja kwenye mashine za sintesaiza, bila kukatakata wala kurekebisha.

Ukitaka kuanza, anza na ile ya njiwa, kisha Songs About My Cats. Doll Doll Doll iache mpaka uzoee. Na kabla ya kubonyeza, punguza sauti ya hedifoni.