Kihamba Baada ya Kufiwa

Katika Uchaga, mlimani Kilimanjaro, mtu akifiwa na mwenziwe majirani huja kulia naye, humpikia na kumchotea maji. Matanga yakiisha hurudi kwao. Ndipo mfiwa huona ya kuwa kihamba kile kilikuwa na wakulima wawili, na kila mmoja alijua nusu ya kazi.

Wengi hudhani mjane hushindwa kwa udhaifu wa mikono. Sivyo. Kwa desturi kahawa ni ya mwanamume. Ndizi na maziwa ni vya mwanamke. Mume hupogoa mibuni na kuipiga dawa, na jina lake ndilo lililo katika daftari la chama. Basi akifa wakati wa mavuno, kahawa haingoji: iliyochumwa leo yataka kumenywa leo, kisha ichachuke, ioshwe, ianikwe. Mjane aweza kazi hiyo yote pamoja na watoto wake. Linalomkwamisha ni malipo, maana yameandikwa kwa jina la marehemu.

Mwanamume aliyefiwa na mke naye ana taabu yake, ijapokuwa huisema mara chache. Ng'ombe wa mlimani hulishwa zizini, na majani yao hukatwa kila siku, pengine huchukuliwa kichwani kutoka tambarare. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Tena hutambua sasa kwamba chumvi, sabuni na madaftari ya watoto vilitoka katika ndizi za sokoni, fedha ambazo yeye hakuzihesabu kamwe. Akiuza ng'ombe kwa kushindwa kuwalisha, samadi hukoma, na migomba hudhoofu.

Lakini jambo zito ni ardhi. Zamani kitinda mimba alirithi nyumba ya baba, na mama akakaa kwake. Desturi hiyo ilifaa mwana alipokuwa nyumbani. Leo pengine yuko Dar es Salaam. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 ilisema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, bali atunzwe na watoto. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema mjane yu huru kukaa apendapo, kuolewa na amtakaye, au asiolewe. Shemeji hana amri juu yake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Ndiyo sababu mabishano hayaishi.

Neno linaloleta madhara zaidi ni "msimamizi". Ukoo hukutana na kuandika muhtasari, kisha mahakama ya mwanzo humteua msimamizi wa mirathi, mara nyingi ndugu wa marehemu. Huyo hakupewa mali! Kazi yake ni kuikusanya, kulipa madeni, na kuwagawia wenye haki. Tena imempasa kupeleka mahakamani orodha na hesabu katika miezi 4. Mjane mwenyewe aweza kuteuliwa, na asiyemridhia aliyependekezwa aweza kuweka pingamizi.

Walio hai wote wawili na waanze sasa. Mume amwonyeshe mkewe masale ya mpaka, mbele ya majirani, na kumfundisha kupogoa. Mke amweleze mumewe bei ya mkungu na namna ya kulisha ng'ombe. Waende pamoja chamani kuuliza ni nani atapokea haki za mwanachama akifa. Na kifo kikitokea, kiandikishwe mapema, kwa kuwa mahakama itauliza cheti.