Magugu Yasiyokufa kwa Dawa

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tuko kwenye bustani ya nyanya na kabichi.

Msimu wa kwanza ulipiga dawa ya magugu kabla ya kupanda, kiwanja kikabaki cheupe. Msimu wa nne umepiga dawa ileile, na kishona nguo kimesimama kama kimemwagiwa maji. Pesa imekwenda. Kuna nini?

Kwanza, usikimbilie kulaumu gugu. Dawa ya glaifosati ikichanganywa na maji ya matope hunaswa na udongo na kupoteza nguvu. Mvua ikinyesha punde baada ya kupiga, dawa huoshwa. Gugu lililokwisha kutoa maua nalo haliuawi kwa kipimo cha gugu changa. Na dawa bandia, tusidanganyane, zipo. Usugu una dalili yake: magugu mengine yote yamekauka, lakini aina moja inabaki, mashina mabichi kando ya ndugu zao waliokufa.

Dawa hailifundishi gugu kuwa sugu. Kati ya maelfu, moja limezaliwa tofauti. Dawa ikiua wenzake, hilo moja linabaki na nafasi, maji na mbolea yote, halafu linamwaga mbegu. Ukirudia dawa ileile kila msimu, unawapalilia watoto wake. Huko Malaysia, mwaka 1997, nyasi moja jamaa ya ulezi iligunduliwa kuwa sugu kwa glaifosati katika shamba la matunda. Mwaka 2003 ikawa zamu ya gugu jingine huko Afrika Kusini, katika mashamba ya matunda na mizabibu.

Kuongeza kipimo si dawa. Kubadilisha chupa pia kunaweza kukudanganya, kwa sababu majina mawili dukani huweza kuwa na kiini kimoja. Soma maandishi madogo, au mwombe anayejua kusoma akusomee.

Kwa kiwanja kidogo, jembe bado linashinda, ila litumie kwa akili. Tengeneza matuta, yamwagilie, kisha subiri kama wiki mbili bila kupanda chochote. Magugu yataota. Siku ya jua kali yakwangue juujuu tu. Ukichimba chini utazipandisha mbegu zilizolala. Ndipo upande miche, na utandaze majani makavu yasiyo na mbegu. Palilia sana wiki nne hadi sita za mwanzo, maana hapo ndipo nyanya hunyang'anywa chakula chake. Gugu lililopona dawa ling'oe kwa mkono kabla halijatoa mbegu, hata kama ni moja.

Ndago ni kesi nyingine. Ukiikata kwa jembe inachipua tena kutoka kwenye vinundu vilivyo ardhini. Chimbua vinundu hivyo, vianike juani vikauke kabisa, wala usivitie kwenye shimo la mboji.

Jambo moja zaidi, mama na baba mnaosikiliza: chupa ya dawa iliyokwisha isichotewe maji wala kuwekwa mafuta ya kupikia, hata ikisuguliwa kwa majivu. Itoboe, mtoto asiitamani.

(Muziki unapanda.)